Salamu za Idi, na amana ya hadithi zetu

Assalaam alaikum ndugu, jamaa na marafiki. Alhamdulillahi, Mwezi Mtukufu umetuaga na Idi imetufikia. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awape shifaa wagonjwa na awarehemu waliotutangulia.

Kwetu mwaka huu umekuwa mzito. Bibi hatunaye. Yeye ndiye aliyekuwa akituketisha baada ya swala ya Idi akatuhadithia sisi ni akina nani: nani alihama na kwa nini, nani karithi jina la nani, ugomvi upi ulimalizwa na ndoa ipi. Mimi aliniambia kuwa utotoni nilikuwa silali mpaka kila aliyemo nyumbani aitwe jina na aitikie. Sikumbuki hata kidogo. Lakini nimekua nikijijua kuwa ni mtu nisiyestahimili mwenzangu asahauliwe, na naamini maneno yake ndiyo yaliyonilea hivyo. Sasa hayupo tena aliyeshuhudia. Hilo ndilo linaloniliza Idi hii.

Nimemkumbuka mshairi Mwana Kupona binti Mshamu wa kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita bintiye aje na wino na karatasi. Utendi wake aliomtungia binti huyo tunausifu kwa mawaidha, na baadhi yake siku hizi yanabishaniwa sana. Mimi hunigusa zaidi pale anapoacha kuusia akasimulia maisha yake na marehemu mumewe, walivyosikilizana, na mume huyo alivyomkariria mkewe radhi zake mauti yalipomfika. Hapo binti anamwona mamake akiwa mke aliyependa na kufiwa.

Basi wazazi wenzangu, watoto wakishavaa na kushiba, tukae nao. Tuwasimulie, wala tusichague ushindi peke yake. Waambiwe na pale ukoo ulipoanguka, na nani alituinua. Mtoto asiyejua alikotoka ataambiwa na wengine yeye ni nani, naye ataamini. Nanyi vijana, waulizeni wazee wangali hai! Warekodini kwenye simu, andikeni majina yote, na ya akina mama msiyaache, maana ndiyo hupotea kwanza. Hii ni amana, na amana tutaulizwa.

Nawatakia nyote Idi njema yenye heri, afya na baraka. Kullu aam wa antum bikheir.