Barua kwa Swahiba Wangu: Datsun ya Marehemu Ami

Raskazone, Tanga

Ndugu yangu na swahiba wangu,

Pokea salamu zangu, pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo, shemeji yako angali kwenye zamu za usiku, na wanao wanakuamkia. Umeniuliza kwa nini matengenezo ya Datsun 240Z, gari la marehemu ami, hayajaisha hadi leo, na kwa nini nisiikabidhi kwa gereji ya huko Dar es Salaam, yakaisha.

Injini hainisumbui, kwani ile L24 ya silinda sita na ujazo wa lita 2.4 ina uvumilivu wa punda. Kinachonishughulisha ni bati. Gari hili halina chesesi, yaani fremu ya chuma, ya kujitegemea chini yake kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini, springi na abiria, kwa hiyo kutu ikitoboa sakafu au mbavu zake, kilichooza ni uti wa mgongo wa gari. Nawe unaujua upepo wa huku, jinsi unavyokuja na chumvi ya bahari: bati nililolisugua kwa brashi ya waya baada ya isha, nikiliacha wazi, huwa limeshaanza kugeuka rangi ifikapo alfajiri. Kwa sababu hiyo sifungui mahali pakubwa kuliko ninapoweza kusugua, kufuta kwa thina na kupiga praima ya epoksi, ile rangi ya msingi, usiku huohuo, kwa kuwa praima ya kawaida hupitisha unyevu. Usiku ambao shemeji yako yuko kazini na kitinda mimba ameamka akitaka kubebwa, mahali hapo hapazidi upana wa kifuniko cha sufuria, nami naridhika.

Grenda na mashine ya kuchomelea ni habari nyingine. Usiku watoto wamelala, mchana mama yao ndiye aliyelala, hivyo makelele yote husubiri Jumamosi asubuhi ambayo yeye hana zamu na watoto wako madrasa. Gereji nisingeipa kazi hii hata kwa bei ya bure: wangelivua gari lote siku moja, wakaliacha uwanjani hadi nafasi ipatikane, kisha wakaifunika kutu kwa puti.

Kabureta, kwa upande wake, ni kazi ya familia nzima. Ziko mbili, kila moja ikilisha silinda tatu mchanganyiko wa petroli na hewa, na zisipovuta hewa sawasawa injini hutetemeka ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma gari likiwa limesimama. Binti yetu mkubwa, akishamaliza kazi za shule, huweka ncha moja ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akisikiliza mvumo wa hewa, huku mimi nikizungusha skrubu robo kwa robo. "Ya mbele imezidi, baba," huniambia, na sijapata kumwona akikosea.

Mdogo wake anashikilia kwamba tusipake rangi kabisa. Ami alimsimulia jinsi Edgar Herrmann na Hans Schüller walivyoshinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa gari la aina hii, na jinsi Shekhar Mehta na Lofty Drews walivyoshinda tena mwaka 1973, baada ya Mehta kulingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun pia. Basi kwake yeye rangi halali ya 240Z ni matope.

Sasa nina ombi. Breki za nyuma ni za dramu, na raba za silinda zake zimekauka. Nimekutilia moja ya zamani ndani ya bahasha, na kipimo nimekiandika nyuma ya karatasi hii. Ukipita Kariakoo, wape wauzaji raba na kipimo tu. Ukiwatajia kwamba ni gari la michezo la miaka ya sabini, bei itapanda papo hapo.

Ni mimi swahiba wako.