Vipimo vya mvua: someni saa 3 asubuhi

Assalaam alaykum jamaa. Masika ya mwaka huu si mchezo. Huku Wete, Pemba, radi ilipiga hadi alfajiri, na kopo langu la kupimia mvua limetoa milimita 64. Mkoani mmepata ngapi?

Tusome saa 3 asubuhi kama Mamlaka ya Hali ya Hewa, si mpaka mtu amalize chai na mihogo. Kopo likae uwanjani, mbali na mnazi na michirizi ya bati. Kuna mtu alituletea maji ya paa!

Upepo umeshageuka kusi, wingu zito limekaa upande wa Unguja. Nabashiri mvua usiku tena. Ila wenye ngalawa, fuateni tangazo la Mamlaka, msinifuate mimi. Micheweni, mbona kimya?