Madai ya kurudishiwa fedha za amplifaya ya hedifoni

Meneja, Huduma kwa Wateja
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: AMPLIFAYA YA HEDIFONI YA MEZANI YENYE DAC (KIGEUZA SAUTI YA DIJITALI KUWA YA ANALOGI), ILIYORUDISHWA IKIWA MBOVU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya waranti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawakariria. Naandika kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo ifike mwisho wa barua.

Tatizo ni chaneli ya kushoto. Kifaa kikiwashwa asubuhi kinapiga vizuri pande zote mbili, unaweza kuapa ni kizima. Kikikaa kama nusu saa, kasha likishapata vuguvugu, upande wa kushoto unaanza kurudi nyuma. Besi inatangulia kupotea, kisha sauti ya mtu yenyewe, mpaka inakuwa kama anaongea akiwa chumba cha pili. Kizime, kiache kipoe, kiwashe tena: kizima. Fundi yeyote anaijua dalili hiyo, kuna lehemu iliyoachia au kipuri kinachochoka kikipata joto. Kwenye fomu yenu ya matengenezo niliandika hivyo, na maneno "baada ya kupata moto" nikayapigia mstari.

Kilirudi kikiwa na karatasi iliyobandikwa juu: "Kimepimwa, hakina tatizo."

Nilipouliza kimepimwaje, kijana wenu wa kaunta alikichomeka, akasikiliza kwa muda wa mtu kupiga chafya, akasema, "Mama, mbona kinapiga?" Nikamwomba akiache kwanza kipate moto. Akacheka. Halafu, mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni, akasema: "Mama yangu, kifaa hakina shida. Nenda Muhimbili wakakupime masikio." Foleni ikaangua kicheko.

Ndugu Meneja, mimi nala kwa masikio haya. Kazi yangu ni kuhariri sauti za vipindi vya redio. Fedha ile sikuitoa kwa ajili ya urembo wa mezani. Hedifoni zangu ni za omu 250, zinataka msukumo mkubwa, na ukizichomeka moja kwa moja kwenye laptopu zinapiga kwa unyonge. Kuhusu masikio, jambo hilo nilishalimaliza nyumbani kabla hata ya kuja kwenu. Nilizivaa hedifoni kinyume, la kushoto nikaliweka sikio la kulia. Ule unyonge ukahamia kulia. Masikio yangekuwa ndiyo mabovu, ungebaki palepale. Nikazichomeka kwenye kifaa cha mwenzangu, zikapiga sawasawa pande zote. Haya yote yako kwenye fomu. Sijui nani huwa anazisoma.

Kijana mwingine wa kwenu alisema kwenye simu kwamba tatizo ni umeme wa mtaani kwangu. Umeme mbaya unaochagua sikio la kushoto! Ungekuwa umeme, ningesikia ule mvumo wa 50 Hz, na ningeusikia pande zote.

Narudi kaunta, kwa sababu kuna jambo nililiacha. Spika kubwa ya dukani ilikuwa inapiga muziki muda wote huo, na hakuna aliyeipunguza. Kijana wenu alichukua hedifoni ndogo za simu, zile za kuchomeka sikioni. Alivaa moja tu. Nyingine aliiacha ikining'inia pembeni ya kaunta, ikigonga kioo. Aliyovaa ilikuwa ya kulia. Chaneli mbovu ni ya kushoto, imeandikwa kushoto kwenye fomu iliyokuwa mbele yake, na yeye akasikiliza ya kulia, katikati ya makelele, kifaa kikiwa baridi, kisha akanipeleka Muhimbili. Nilimwonyesha ile inayoning'inia. Akasema, "Mama, tuna wateja wengine."

Kuna hili la adapta pia. Nyuma ya kifaa pameandikwa 15V AC, na adapta niliyowaletea ilikuwa hiyohiyo. Mliyonirudishia ni ya 12V DC, umeme wa aina nyingine kabisa. Pini inaingia bila shida, na mtu asiyesoma maandishi angeichomeka tu. Ya kwangu mmempa nani?

Ilibidi nimlipe fundi Kariakoo atafute adapta sahihi, akapime. Alipiga mlio wa 100 Hz, akaweka mita. Kifaa kikiwa baridi, milivolti 500 kila upande. Kilipopata moto, kulia 500, kushoto 190. Mita haina masikio ya kupelekwa hospitali. Maelezo yake na picha za vipimo nimeviambatisha.

Kabla sijajua kifaa ndicho kinachonidanganya, kuna kipindi kilirudishwa na redio kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umepandishwa kupita kiasi. Niliufidia kwa kuamini ninachosikia kwenye mashine yenu. Kazi hiyo nilirudia bila malipo.

Nadai kurudishiwa fedha zangu zote, shilingi 1,150,000. Kifaa kingine sikitaki, maana kikiharibika kitarudi kaunta ileile. Nadai gharama za fundi na adapta. Na nadai barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi yako wewe Meneja, si ujumbe wa simu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa siku 14. Nimebadili mawazo, ni siku 7. Zikipita, malalamiko haya yanakwenda Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Na kwa kuwa nimelazimika kuitafuta risiti yenu ya EFD (mashine ya kodi) ili niiambatishe, nimeona imeandikwa shilingi 600,000, wakati muamala wa simu unaonyesha nililipa 1,150,000. TRA, Mamlaka ya Mapato, watapenda kuziona hizo karatasi mbili zikiwa pamoja. Mkitaka nisizipeleke huko, mnajua pa kuanzia.

Kifaa na adapta isiyo yangu nitavikabidhi fedha zikishaingia, si kabla. Na nitamkabidhi mtu mwingine, si yule kijana.

Wenu,
Mteja
(jina na namba ya simu viko kwenye fomu ya matengenezo)

Viambatisho: maelezo ya fundi, picha za vipimo, nakala ya risiti ya EFD, nakala ya muamala.