Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka Ulioishia Juni 30, 2025

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu wa jumuiya yetu ya kusaidiana, wazee wetu, mama zetu,

Nawasalimu kwa heshima zote. Tulianza mwaka tukiwa wanachama 84, leo tuko 81. Watatu wametangulia mbele ya haki, na naomba tusimame dakika moja kwa ajili yao kabla sijaendelea.

Ahsanteni. Rambirambi za misiba yote zilifika ndani ya siku moja kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu atazisoma Mama Mhazini, sitamwingilia. Kwenye mikopo, wawili wamechelewa marejesho. Wanajijua, nami nawajua, tusiharibu siku.

Muda uliobaki nitautumia kwenye ajenda namba 7. Kamati Tendaji inapendekeza mwenyekiti apitishwe kwa makofi, bila kupigiwa kura, "kwa kuwa anakubalika." Anayezungumziwa ni mimi. Nashukuru kwa imani hiyo, ila nawaomba mlikatae pendekezo hilo.

Mtakumbuka msiba wa mwezi Machi kule Area C. Mvua ilishuka saa nane mchana, wafiwa wako chini ya turubai letu, na turubai likaanza kuvuja katikati, maji yakidondokea moja kwa moja kwenye sufuria la wali. Kijana mmoja alipanda juu ya kiti ili alikunje pembeni, mguu wa kiti ukakatika. Jioni yake nikaenda stoo na ufunguo ninaoutunza mwenyewe. Maturubai mawili yametafunwa na panya, viti 23 vimevunjika, na daftari la stoo lilijazwa mara ya mwisho Julai ya mwaka uliotangulia. Miezi minane, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Yupo aliyetaka kuuliza. Mwaka 2023 mwalimu mmoja mstaafu, ambaye ameniomba nisimtaje, alichukua fomu ya kugombea nafasi hii. Wazee wanne wakamfuata nyumbani jioni, wakanywa chai yake, wakamwambia mwenyekiti anatosha, ya nini kututia gharama na kutuvunjia umoja. Kesho yake fomu ikarudi kwa mkono wa mjukuu. Nililisikia hilo nikakaa kimya, maana lilinifaa. Mwezi Aprili nilikwenda kumwomba radhi, nikamuuliza siku ile alikuwa anataka kusema nini. Akaniambia, "Nilitaka tu kuuliza habari za stoo."

Jambo hili lilinirudisha kwenye baraza letu la Februari, lile la kahawa na kashata, tulipobishana mpaka magharibi kuhusu uteuzi wa wagombea ndani ya vyama. Jumuiya yetu haina chama; tunao wa kijani wa CCM, chama tawala, tunao makamanda wa gwanda wa CHADEMA, chama cha upinzani, na wapo wasiotaka hata kusikia. Siku ile nilisikiliza zaidi kuliko kusema. Leo naomba niseme.

Wengi wetu tunaikumbuka Julai 1995. Mimi nilikuwa mwalimu kijijini, na habari za Dodoma tulizipata kwa redio ya betri ofisini kwa mwalimu mkuu. Mkutano Mkuu wa CCM ulipiga kura kumpata mgombea urais kati ya majina matatu: Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Aliyeongoza hakufika nusu, ikabidi warudie kwa wawili wa juu. Mkapa 686, Kikwete 639. Mwalimu mwenzangu alichukua chaki akaandika namba hizo ubaoni, akatoa, akapata 47, akaizungushia duara. Alikuwa upande wa Kikwete. Akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Basi, wamehesabiana."

Neno hilo ndilo lililobaki kichwani mwangu. Kijana wa miaka 44 alikuwa mbele, akashindwa kwa kura 47 mbele ya macho ya wote, akabaki chamani, akawa waziri wa mambo ya nje kwa miaka kumi. Mwaka 2005 akarudi ukumbini, akamshinda Salim Ahmed Salim na Mark Mwandosya. Hata Salim hakuhama.

Sasa chukueni 2015. Waliorudisha fomu za urais walikuwa 38, na aliyekuwa akitajwa kila kijiwe ni Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani. Usiku wa Julai 10 Kamati Kuu ikatoa majina matano, la kwake halimo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani kusema hawaungi mkono uamuzi huo. Kwenye Halmashauri Kuu wajumbe wakaimba kwamba wana imani na Lowassa. Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104, ushindi mnono, lakini aliyekuwa akipimwa mitaani hakuwemo kwenye mzani. Kabla mwezi haujaisha Lowassa alikuwa CHADEMA, na Oktoba akapata kura milioni sita na ushei, karibu asilimia 40. Upinzani haukuwa umewahi kufika hapo tangu vyama vingi virudi.

Mzee mmoja alinipinga barazani: mwaka 1995 pia majina yalikatwa, la Lowassa mwenyewe likiwemo, na hakuhama. Ni kweli. Lakini mwaka ule hakuwa kinara. Kinara aliachwa ashindane mpaka kura ya mwisho. Sisemi Lowassa angeshinda ukumbini. Sijui, na wala si hoja yangu. Nasema angeshindwa kwa namba ambayo mtu wake angeweza kuizungushia duara.

(Mmoja wa wale watatu wa usiku ule, Emmanuel Nchimbi, baadaye alikuja kuwa Katibu Mkuu wa CCM, na mwaka 2025 akawa mgombea mwenza wa urais. Kwa hiyo wanaotutisha kwamba anayepinga anajizika waangalie vizuri.)

Upo pia utamaduni wa kumwachia rais aliyepo amalizie kipindi cha pili bila mpinzani ndani ya chama. Unaleta utulivu, sibishi. Lakini Kikwete alichaguliwa mwaka 2005 kwa asilimia 80, akapitishwa peke yake mwaka 2010, na kura ya wananchi ikashuka hadi sitini na kitu. Sababu ni nyingi. Ila manung'uniko ambayo chama kingeyasikia ukumbini, ndani kwa ndani, kiliyasikia Oktoba kwenye sanduku la kura, wakati hakuna tena la kurekebisha. Ni kama turubai langu: lingefunguliwa stoo kukiwa na jua, lingeshonwa kwa sindano ya gunia.

Wanaoogopa mashindano nao wana hoja, na mwaka huu wamepata ushahidi. Januari 19 CCM ilimpitisha Rais Samia peke yake kugombea urais, mapema kabisa. Siku mbili baadaye CHADEMA wakaingia Mlimani City kuchagua mwenyekiti, na Tundu Lissu akamshinda Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti kwa miaka mingi, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mbowe akampongeza mapema, nasi hapa tukapiga makofi. Mei, baadhi ya waliokuwa upande wake wakaondoka, wengi wakielekea CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Kwa hiyo kuhesabiana hakuzuii kila mtu kuondoka. Maneno ya kampeni yakikaa miezi yakichoma, hesabu safi haitoshi kuyazima. Na rushwa ya wajumbe tunaijua. Msemo kwamba wajumbe si watu haukuzuka bure. Hata hivyo, aliyeondoka CHADEMA mwaka huu hawezi kusema hakuhesabiwa, na nani anamwongoza nani pale ndani wote wanajua, kwa tofauti ya kura 31.

Sisi si chama cha siasa, hatugombei dola. Tunagombea funguo za stoo na daftari la rambirambi. Lakini mwaka 2023 tulifanya yale yale: kinara mmoja, makofi, chai kwa mwenzetu, kisha kimya cha miezi minane.

Napendekeza hivi. Ajenda namba 7 iahirishwe kwa wiki tatu. Fomu zitolewe na Katibu, shilingi 5,000, pesa hairudishwi. Kila mgombea apewe dakika kumi mbele yetu na aulizwe maswali yoyote, nikianza mimi, na la kwanza liwe la stoo. Kura iwe ya siri, ihesabiwe hapa hapa, na namba ziandikwe ubaoni. Na mzee yeyote atakayeonekana nyumbani kwa mgombea jioni akinywa chai, alipe faini ya ada ya mwezi mmoja. Hili la mwisho ni utani, ila nusu tu.

Katibu amechapisha fomu kumi. Namba moja nimelipia mimi asubuhi hii. Zilizobaki ni tisa, zipo kwenye bahasha ya kaki pale mezani kwake, na atakuwepo mpaka saa kumi na moja jioni.