Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mdahalo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mdahalo utakaousikiliza leo unahusu Marekani ilipokuwa bado changa: nani awe na nguvu zaidi, serikali kuu au majimbo? Muhula huu tumesoma hoja za pande zote mbili, na tunaomba tukueleze kwa nini sisi wanaklabu tunawaheshimu sana walioshindwa, yaani waliotaka majimbo yawe na nguvu zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makoloni 13 ya Uingereza yaliyojitangazia uhuru mwaka 1776, ndiyo yakawa majimbo ya Marekani, hayakuwa tayari kumtoa mfalme na kumweka bwana mwingine. Mkataba wao wa kwanza wa muungano, ulioanza kutumika mwaka 1781, uliinyima Kongresi, yaani bunge la muungano, uwezo wa kutoza kodi. Iliyaomba majimbo fedha, na majimbo yalitoa yalipotaka. Ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje ulikwama kwa sababu jimbo la Rhode Island peke yake lilikataa, na mkataba ulidai wote 13 wakubali. Mwaka 1786 wakulima wa Massachusetts, baadhi yao askari wa vita vya uhuru, walielemewa na madeni na kodi hadi wakashika silaha pamoja na Daniel Shays. Kongresi haikuwa na fedha za jeshi. Wafanyabiashara wa Boston ndio waliochanga kuwalipa wanamgambo.

Kwa hiyo waliotaka serikali kuu yenye nguvu walikuwa na hoja nzito. Walikutana Philadelphia mwaka 1787 wakaandika katiba mpya.

Tuliyebishana juu yake kuliko wote ni George Mason wa Virginia. Alihudhuria vikao kiangazi kizima, kisha tarehe 31 Agosti akasema afadhali aukate mkono wake wa kulia kuliko kuitilia saini katiba ile jinsi ilivyokuwa. Septemba 12 aliomba iongezwe orodha ya haki za raia. Majimbo yote yaliyopiga kura yakakataa. Siku tano baadaye wajumbe 39 walitia saini. Yeye, Edmund Randolph na Elbridge Gerry wakagoma.

Hapo ubishi ukahamia magazetini na majimboni, ambako katiba ilipaswa kupigiwa kura ili ikubaliwe. Wanasiasa Alexander Hamilton, James Madison na John Jay waliitetea katiba kwa makala 85 chini ya jina la kubuni la Publius. Wapinzani nao walijibu vikali. Huko Richmond, Virginia, mpinzani Patrick Henry alihoji kwa nini katiba inaanza kwa kuwataja wananchi badala ya majimbo. Kura zilikaribiana mno: Massachusetts 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Washindi wasingeweza kujifanya hawakusikia. Madison, ambaye awali hakuona haja ya orodha ile, ndiye aliyeiwasilisha Kongresi mwaka 1789. Marekebisho kumi yalipita mwaka 1791, na la kumi linasema mamlaka ambayo muungano haukupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Mheshimiwa, lipo jambo lililotugawa zaidi klabuni. Mason aliilaani biashara ya watumwa mbele ya wajumbe wenzake, naye alimiliki watumwa. Katiba ilimhesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya wawakilishi, na ikaizuia Kongresi kuipiga marufuku biashara hiyo kabla ya 1808. Baadaye haki za majimbo zikawa ngao ya wenye watumwa. Hao watu weusi, hakuna aliyewauliza wanaitaka serikali gani. Wenzetu wengine wanasema hilo linaifuta heshima yote ya Mason. Wengine wanasema haki alizozidai zinasimama zenyewe. Utawasikia wote leo.

Ombi letu ni moja. Maktaba yetu haina hotuba wala makala za wapinzani wa katiba hiyo. Nakala chache tulizonazo ni za watetezi wake. Tunakuomba utusaidie kuzipata, ili mdahalo ujao kila upande uwe na vitabu vyake mezani.

Naomba kuwasilisha.