Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ligi ya Mpira wa Plastiki wa Uwani, Chake Chake

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanachama, wazee wetu mliotuachia ua, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ingawa viti vipo,

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima. Nawashukuru na nyinyi mliokuja. Mko 14. Mkutano huu umetangazwa mara 3, na mara ya mwisho nilipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa baskeli, mnyororo ukanikatikia Machomane, nikaikokota mpaka Tibirinzi. Katiba yetu inataka nusu ya wanachama ndipo mkutano mkuu uwe halali, na kwenye daftari tuko 43. Hesabu fanyeni wenyewe. Taarifa nitaisoma hivyo hivyo, maana mkutano uliopita tuliuahirisha kwa kukosa akidi, tulipouitisha tena Februari wakaja watu 9. Naomba idadi hiyo ya 9 muiweke kichwani, nitairudia.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Januari hatukucheza kwa kuwa Kombe la Mapinduzi lilikuwa hapa hapa Gombani, na Zanzibar Heroes wakalichukua mbele ya Burkina Faso. Siku zile sikumlaumu mtu. Machi ilikuwa Ramadhani. Aprili na Mei masika yaliugeuza ua kuwa bwawa, tukacheza mara 2. Ligi yenyewe ilikwenda Juni hadi Septemba. Oktoba tulisimama kwa ajili ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo kila mmoja yuko kwenye karafuu. Michezo iliyopangwa ni 36, iliyochezwa 22. Timu ni zile zile 4. Mipira iliyopotea 5, mmoja unajulikana ulipo, uko juu ya paa la jirani na sisi kwa jirani hatupandi bila ruhusa.

Tuna wageni wawili leo, kwa hiyo niseme machache juu ya mchezo wenyewe. Ulianzia Marekani, mji wa Fairfield katika jimbo la Connecticut, mwaka 1953. Baba mmoja, David N. Mullany, alimuona mwanawe wa miaka 12 akicheza uwani na wenzake kwa kijipira cha plastiki cha gofu na mpini wa ufagio, mkono unamuuma kwa kulazimisha mpira upinde. Akamtengenezea mpira mwepesi wenye matundu 8 marefu upande mmoja, na upande wa pili mzima. Upepo hauzishiki pande hizo mbili sawasawa, basi mpira unapinda wenyewe, hata ukirushwa na mtoto, na kioo cha dirisha hauvunji. Mpira huo wakauita Wiffle, jina lililotokana na neno lao la mitaani la kupiga hewa ukaukosa mpira. Kanuni za wenyewe ni nyepesi. Wawili wanatosha kucheza, 5 kila upande ndiyo timu kamili. Kiwanja cha futi 20 kwa 60 kinatosha. Hakuna kukimbia: mpira ukifika alama ya kwanza umepata kituo kimoja, ya pili viwili, ya tatu vitatu, ukivuka ya mwisho bila kudakwa ni mzunguko mzima, unapata pointi yako na ya kila aliyekuwa kituoni. Mkimbiaji anayesimama kituoni ni wa kufikirika tu.

Huyo wa kufikirika ndiye aliyenitia matatani mapema. Nilipozileta kanuni hizi (ni mimi niliyezileta, na ni mimi niliyezifasiri, usiku, kwa taa ya chemli umeme ulipokatika), vijana walimpa jina la jini. Mzee mmoja akienda zake msikitini akasikia mtoto wa miaka 10 anapiga ukelele kwamba majini wawili wako uwani na wa tatu anakuja. Ilinibidi niende kwake kuomba radhi, na nilinywa kahawa vikombe 4 kabla hajaanza kunisikiliza. Tangu siku hiyo anaitwa kivuli, na timu inayosema jini inakatwa pointi 1. Hilo nalo lilisemwa ni ubabe. Kadhalika fimbo ya kupigia tulikubaliana kuiita kigongo, si gongo, na sababu yake mnaijua, mama wengi walishaanza kuwauliza watoto wao wanashika gongo la nani.

Kanuni nyingine za kwetu nazipitia mbio. Zamu ni 5 badala ya 9, kwa sababu tunaanza baada ya alasiri na adhana ya magharibi haisubiri mtu. Nyuma ya mpigaji tunaweka kiti cha plastiki; mrusho ukikigusa ni kosa juu yake, makosa 3 katoka. Kusugua mpira kwenye ukuta wa mawe ili upinde zaidi ni marufuku. Najua huko Marekani ziko ligi za uwani zinazoruhusu kuukwaruza, lakini mpira kwao uko dukani, kwetu unakuja kwenye begi la mtu. Alama ya mwisho tunaisogeza hatua 6 ndani kaskazi ikivuma usoni mwa mpigaji, na kusi ikianza inarudi.

Sasa nije kwenye fainali, maana naona wengine mmeanza kukaa vizuri.

Jumapili ya tarehe 21 Septemba timu ya Bondeni ilikuwa inaiongoza timu ya Juu 7 kwa 6. Zamu ya mwisho, Juu wanapiga, wawili wameshatoka, wa tatu akitoka mchezo umekwisha, na kivuli kiko kituo cha pili. Mwamuzi aliyepangwa hakutokea, simu haikupokelewa, nikasimama mimi. Sikuomba kusimama. Mrushaji wa Bondeni alikuwa mwanangu, na hilo sijalificha, kila mtu anamjua ni wa nani. Mpigaji wa Juu aliupata mpira vizuri, nampa haki yake. Ukapaa juu ya mfenesi, upepo ukaushika, ukasita pale juu kama unafikiri, kisha ukashuka katikati ya jamvi la karafuu bila kishindo. Karafuu chache ziliruka pembeni. Mpira ukatulia, na mbili zikabaki zimenasa kwenye matundu, moja kila tundu. Nikanyanyua mkono: katoka. Mchezo ukaisha, Bondeni bingwa.

Barua niliyoandikiwa baada ya hapo ina saini 17 na inasema mambo matatu. La kwanza, kwamba jamvi lilikuwa ng'ambo ya alama ya mwisho, kwa hiyo ulikuwa mzunguko mzima na Juu wameshinda 8 kwa 7. La pili, kwamba jamvi ni la mke wangu. La tatu, kwamba asubuhi jamvi halikuwapo pale.

Naanza na la tatu kwa kuwa ndilo lililoniumiza. Jamvi lilisogezwa, ni kweli. Alilisogeza mama watoto, saa 10, kwa sababu kivuli cha mfenesi kilikuwa kimeshafika barazani. Yeyote aliyewahi kuanika karafuu Pemba hii anajua jamvi hufuata jua. Mtu mmoja akaniuliza, tena mbele ya watoto, mbona saa 11 na nusu zilikuwa bado ziko nje wakati kila nyumba inakuwa imeshaanua. Jawabu ni kwamba aliyekuwa azianue alikuwa amekaa kwenye kinu anaangalia mpira, kama wengine wote.

La pili halina mjadala. Ua ni wa baba yangu, mfenesi aliupanda babu yangu, jamvi la mke wangu. Tangu tuanze tunacheza hapo bure. Kama yupo mwenye ua mkubwa usiokuwa na jamvi wala mke, milango iko wazi.

La kwanza ndilo la kanuni, na hapa ndipo ile idadi ya 9 inarudi. Mkutano wa Februari, uliohudhuriwa na watu 9, ulipitisha kanuni ya 12: mpira ukiangukia jamvi la karafuu, popote lilipo, mpigaji katoka. Popote lilipo. Tulikaa dakika 40 juu ya maneno hayo mawili. Sababu tuliitaja siku ile ile. Jamvi likihesabiwa mzunguko mzima, kila mpigaji atalilenga, na walinzi watalikanyaga kuufuata mpira. Mtu ameajiri wachumaji, amewalipa kwa pishi, amekaa usiku kuchambua makonyo, halafu karafuu ziingie mchanga zishuke daraja kwa sababu ya mchezo? Wala hili si jambo la kubuni kwangu. Wanaocheza kriketi ya uwani huko Australia wanayo kanuni ya siku nyingi, kwamba ukiupiga mpira ukavuka ukuta wa jirani unapata pointi zako 6 na umetoka. Mali ya mtu inalindwa kwanza, ufundi baadaye.

Waliosaini wanasema hawakuijua kanuni ya 12. Nimepitia majina yote 17. Aliyehudhuria Februari ni mmoja, na nadhani alisaini kwa aibu ya kakake. Wanasema pia kumbukumbu za mkutano ule zimeandikwa kwa mwandiko wangu. Ni kweli, kwa sababu katibu naye hakuja. Ningeandika kwa mwandiko wa nani?

Nakubali jambo moja. Ningemwita mtu mwingine asimamie zamu ile ya mwisho, maneno yangepungua. Nilitazama huku na huku, sikuona mtu mzima aliyeijua kanuni ila mimi. Uamuzi unabaki.

Baada ya uamuzi, mashabiki wa pande zote mbili waliingia uwani, na jamvi nililokuwa nalilinda likakanyagwa kuanzia ncha hadi ncha. Kwa hiyo katika hesabu mtaona shilingi 65,000 za fidia. Wapo wanaosema mwenyekiti amejilipa. Fedha hazikupita mfukoni mwangu. Mweka hazina alimkabidhi mama watoto mkono kwa mkono, nami nilikuwa Wete siku hiyo.

Hesabu ni hizi. Salio la mwaka jana 38,500, ada 187,000, mchango wa ndugu wa mwanachama aliyeko ng'ambo 50,000, jumla 275,500. Matumizi: mipira 90,000, nguzo na rangi 42,000, fidia 65,000, chai na maandazi 58,500, jumla 255,500. Limebaki 20,000. Chai imekuwa nyingi, nakiri, lakini siku za maandazi ndizo siku zilizojaa.

Ada ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Kama wote 43 tungelipa, zingepatikana 516,000. Waliolipa mwaka mzima ni 11. Waliolipa kidogo kidogo ni 9, wamefikisha 55,000 kwa pamoja. Waliobaki 23 hawajatoa hata senti, na 12 kati yao saini zao zimo kwenye ile barua. Kutia saini ni bure, hilo nimeliona. Mmoja aliniambia atalipa karafuu zikiuzwa, nikamsubiri. Zikauzwa. Nilimkuta Chake sokoni amebeba redio mpya, akanisalimia vizuri sana, akaniuliza hali ya watoto, akapotelea kwenye daladala. Orodha kamili sikuibandika msikitini kama baadhi yenu mlivyoshauri, kwa kuwa tunaishi pamoja na tunazikana. Lakini mwakani sijui kama nitakuwa na subira hiyo.

Na mahudhurio ya mazoezi, niseme nini? Mchezo wa ng'ombe ukisikika kijiji chochote, ua unabaki na mimi, mwanangu na kuku. Bao likianza barazani, vivyo hivyo. Kuna alasiri moja Julai tulifika wanne. Tukacheza wawili kwa wawili, na niseme ukweli, ulikuwa mchezo mzuri kuliko fainali. Hakuna aliyebishana.

Mipango ya mwaka ujao, inshallah. Tunatarajia kuwaalika wenzetu wa Unguja tukipata wa kuwaalika. Dar es Salaam, pale shule ya sekondari ya Azania, kuna kiwanja cha besiboli kilichojengwa kwa msaada wa Japani, na ninayo nia ya kuandika barua ili vijana wetu wawili watatu wakaone mpira mgumu unavyochezwa, barua nimeshaianza. Tunafikiria pia timu ya wasichana, kwa kuwa wanaocheza nage wanalenga kuliko wavulana wetu wote, ila bado tunatafuta mama wa kuisimamia. Kuhusu kanuni ya 12, atakayetaka ibadilishwe alete pendekezo kwa maandishi, alipe ada, na aje mkutanoni.

Mambo madogo mawili. Kiti cha plastiki tunachoweka nyuma ya mpigaji kiliazimwa kwa wenye viti vya harusi na kimevunjika mguu. Aliyekikalia siku ya fainali anajijua, akalipe. Na fomu za kugombea uongozi ziko nyumbani kwangu, baina ya magharibi na isha. Mpaka jana jioni imechukuliwa moja, nayo nimeichukua mimi.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti