Yale niliyokuambia Jumapili, yasahau

Nafula mwanangu,

Hapa Kiamunyi hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, mahindi tumemaliza kupukuchua, na yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Habari za nyumbani ziishie hapo.

Jumapili uliniambia kwa simu kutoka huko Australia kwamba moshi unauona ukiwa jikoni, nyuma ya kilima. Nikakujibu kama mtu anayejua: usitoke, mwagia paa maji, kata matawi mabichi, upigeni moto. Kichwani mwangu ulikuwa ni moto wa Menengai. Unakikumbuka kile kiangazi ukiwa darasa la sita, nyasi za huko juu ziliposhika, tukapanda majirani wote na matawi mkononi? Nilirudi jioni sina nyusi, mkanicheka hadi mkalia. Tangu siku hiyo nimejihesabu fundi wa moto. Kumbe ni ujinga tu.

Yule kijana wa jirani aliyesomea misitu ndiye aliyenikalisha kitako. Akanieleza habari za Jumamosi moja, tarehe 7 Februari 2009, katika jimbo hilohilo la Victoria unakoishi. Joto la Melbourne lilipanda hadi nyuzi 46.4, na moto wa siku hiyo uliua watu 173. Wengi walifia ndani ya nyumba zao. Wapo waliokuwa wamejiandaa kweli, na mpira wa maji na pampu. Siku hizo wakubwa waliwaambia watu wachague: uondoke mapema, au ubaki uitetee nyumba. Baada ya tume kuuchunguza msiba ule, mkazo ukawekwa kwenye kuondoka mapema. Nami mzee wa Nakuru nilikuwa nakurudisha kulekule walikokwisha kutoka.

Lililonikosesha usingizi zaidi ni upepo. Siku ya moto kama ule, mchana kutwa unavuma kutoka kaskazini, mkavu, wa jangwani. Jioni unageuka ghafla, unatoka kusini-magharibi, na ule ubavu mrefu wa moto unakuwa ndio uso wake. Mji wa Marysville uliteketea hivyo. Moto wetu wa Menengai ulikuwa na mbele na nyuma, ukijua pa kusimama. Huo wenu, ukisema umekupita, bado haujakupita. Tena joto lake humuua mtu hata kabla ndimi hazijamfikia.

Halafu mikaratusi. Hii iliyo nyuma ya zizi letu, niliyouza nguzo zake ukalipiwa karo ya sekondari, asili yake ni huko uliko. Wazungu waliileta mwanzoni mwa karne iliyopita iwe kuni za garimoshi. Majani yake yana mafuta, wajua vile yanavyolipuka jikoni. Magome yake yakibanduka huning'inia kama matambara, na upepo mkali ukiyabeba yakiwaka, hwenda kuwasha moto mwingine zaidi ya kilomita 20 mbele. Kwa hiyo usinipimie umbali wa kilima. Kilima si ukuta.

Najua utasema, "Baba, na wale wazee ninaowaogesha nitawaachia nani?" Hilo swali limenishinda kulijibu kwa haraka, maana ningekuwa mimi kwenye kile kiti cha magurudumu ningetaka Nafula wa mtu asinikimbie. Lakini muulize mkubwa wako leo, si siku ya moshi: basi la kuwahamisha linatoka wapi, nani anaamua, na linaondoka saa ngapi? Akianza kuuma maneno, ujue hapana mpango. Na siku ambayo si zamu yako, ikitangazwa hatari ya kiwango cha juu kabisa, toka asubuhi kabla hata moshi haujaonekana. Nenda kwa binti ya shangazi yako mjini. Ukirudi jioni hakuna kilichoungua, ni mafuta ya gari tu umepoteza. Mchukue na yule rafiki yako wa Kisumu na watoto wake. Umesema hana gari.

Pasipoti na vyeti viweke kwenye mkoba mmoja karibu na mlango. Televisheni iache. Hata ile blanketi ya bibi yako iache, ingawa yeye asingependa nikuambie hivyo. Na mwezi huu usitume kitu. Karo ya Wafula nitajua pa kuitoa.

Hapa tuko nyuma yenu saa nane. Kwenu ikiwa saa tisa alasiri, jua kali, mimi ndio nakoroga chai ya saa moja asubuhi. Upepo wenu ukigeuka saa kumi na mbili jioni, huku ni saa nne, mama yako yuko sokoni na simu mkononi anatazama ile tiki moja isiyogeuka kuwa mbili. Moto ukikata stima, mtandao nao hufa, hilo nimeambiwa. Basi usingoje hadi ufike. Ukiwasha gari tu, andika neno moja: "Natoka." Tukilipata hilo tutanyamaza, hatutakupigia ukiwa barabarani.

Ukishafika kwa dada yako, piga, hata kama huku ni usiku wa manane.

Ni mimi baba yako,
Nakuru